UZI: Vitabu vya kuisoma dola ya Tippu Tip kule Manyema, Kongo ya mashariki (anzeni na daftari lake mwenyewe)

Mtembezi wa Shangani

Assalaam alaykum jamaa.

Mie kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, mwaka wa kumi na moja huu. Karibu kila siku nasimama chini ya mlango wa nyumba ya Tippu Tip pale Shangani, karibu na Africa House, nasema maneno yale yale: tajiri wa pembe, muuza watumwa, alimsindikiza Stanley, kafa 1905. Dakika nne, tushahama, tunakwenda kutafuta juisi ya miwa.

Mwezi uliopita nikapata mgeni mmoja peke yake, mtu mzima, kanzu na kofia yake safi. Nikaanza na Kiingereza changu cha kazini, akanikatiza: "Sema tu Kiswahili, nasikiaka." Kumbe mtu wa Kasongo, Kongo. Nikamaliza dakika zangu nne. Akaupapasa ule mlango, akauliza: "Na ile miaka yote alikuwa kwetu, mnasemaka nini?" Nikababaika. Nikamwambia mzee wangu, ile miaka alikuwa safarini. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Safari gani ya miaka ishirini? Alikuwa anatawala."

Basi tokea siku ile nasoma. Nimeazima, nimetoa kopi, nimegombana na mwenye duka la kopi aliyenichanganyia kurasa. Nataka niwape njia niliyopita, na nyie mnisahihishe. Wa "pdf iko wapi" tulieni kwanza.

Kitabu cha kwanza ni chake mwenyewe: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe. Alikiandika hapa hapa Unguja uzeeni, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa kuhimizwa na Mjerumani mmoja, Heinrich Brode. Brode akakitia herufi za Kizungu na kukitafsiri Kijerumani, kikatoka Berlin 1902 na 1903. Toleo linalotufaa sie ni la Whiteley, la 1958-59 na tena 1966: Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, na utangulizi wa historia wa Alison Smith. Ni katika maandishi ya kwanza kabisa ya mtu kujieleza maisha yake kwa lugha yetu, na skuli hatukutajiwa hata siku moja.

Sasa sikilizeni namna ya kukisoma, maana mie mara ya kwanza nilikosea. Nilikisoma kama hadithi ya safari, kikanichosha. Hakuna mandhari, hakuna jua linazama, huyu kaja yule kaenda. Mara ya pili nikachukua penseli nikawa napigia mstari kila penye hesabu, ndipo kikafunguka. Kile ni daftari la deni. Anaanza kijana wa miaka kumi na mbili anafanya biashara ya sandarusi safari za karibu, na tokea hapo hadi mwisho ni nani kamkopesha, nani kamdai, pembe frasila ngapi.

Mfano: vita vyake na Samu, mtawala wa Itabwa, 1867 (vitabu vingine mtamkuta kaandikwa Nsama). Vita vyenyewe vinapita upesi. Lakini akishaingia mji wa Samu, anakwambia alichokikuta: pembe frasila 1,950, shaba frasila 700. Frasila ni kama kilo 16. Pembe peke yake zaidi ya tani 30! Anaandika miaka thelathini na kitu baadaye, mzee, yuko Unguja, na frasila bado anazo kichwani.

Mie nikapiga hesabu nyengine. Mpagazi akibeba frasila mbili, hizo pembe tu zataka watu kama 975. Wale watu ni nani? Majina yao? Walifika wangapi? Daftari limenyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kitabu hiki lazima kiwekewe kingine ubavuni.

Chwaka Boy

Mkuu uzi mtamu. Pdf iko wapi 😂

Mtembezi wa Shangani

@Chwaka Boy nilijua tu.

Bi Mwalimu Wete

Waalaykumu ssalaam. Umenifurahisha na umeniudhi kwa pamoja, mwanangu.

Umenifurahisha kwa penseli. Mie nasomesha historia mwaka wa ishirini sasa, na siku zote nawaambia watoto msisome hati kwa macho ya kuangalia tivii. Umeniudhi kwa kuwa watumwa wamekuja mwisho wa aya ya mwisho, kama chumvi iliyosahauliwa. Ile ndiyo habari yenyewe, bwana. Pembe haikutembea kwa miguu yake kutoka Manyema hadi pwani.

Ukitaka cha kuweka ubavuni, tafuta Marcia Wright, Strategies of Slaves and Women, cha 1993. Humo mna masimulizi ya wanawake wa kule baina ya maziwa. Yuko mmoja, Bwanikwa, mzaliwa wa nchi ya Waluba, aliyeuzwa akauzwa tena, mkono hadi mkono, mara nyingine kwa thamani ya vitu vya kuchekesha kama si kuliza. Hakuwa himaya ya Tippu Tip khasa, alikuwa upande wa Msiri wa Garanganze, dola nyengine ya mpakani ya wakati ule ule. Lakini nchi ni jirani, na soko ni lile lile. Soma frasila 1,950 asubuhi, msome Bwanikwa usiku.

Na Livingstone usimwache. Najua wengi wenu hamumpendi. Lakini mwaka huo huo wa 1867 alikuwa njia zile zile, vita vya Samu vikamzuilia safari kwa miezi, na Julai akakutana na Tippu Tip mwenyewe. Shajara zake zilitoka 1874, yeye keshakufa. Una vita vimoja, mashahidi wawili: mmoja kavipigana, mmoja vimemkwamisha. Darasani hiyo ni dhahabu.

Halafu usome tarehe 15 Julai 1871, soko la Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Watu wa msafara wa Dugumbi, mfanyabiashara wa pwani, waliwamiminia risasi wanawake sokoni, wengine wakazama mtoni wakikimbia. Waliokufa walikadiriwa mamia. Hawakuwa watu wa Tippu Tip. Walikuwa watu wa kwetu lakini.

Mtembezi wa Shangani

Mwalimu, nimepokea kofi kwa mikono miwili. Kweli.

Mzee wa Darajani

Nawasoma tu. Ila hili neno "dola" mnalitoa wapi? Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara. Ana bunduki, ana watu, anachukua pembe, anarudi kwao Unguja. Mwenye dola alikuwa Seyyid, Sultani wa Unguja. Mkimwita kila mwenye bunduki mia kuwa ni mfalme basi hata wachukuzi wa bandarini wana dola yao.

Mtembezi wa Shangani

Mzee wangu, shikamoo. Nilikuwa nafikiri hivyo hivyo, na ndivyo nilivyowaambia wageni miaka kumi. Twende taratibu.

Kwanza Utetera, nchi ya huko huko Kongo. Kulikuwa na mtawala mzee, Kasongo Rushie. Tippu Tip alikuwa kashasikia njiani kisa cha mabinti wa ukoo ule waliotekwa zamani wakapelekwa mbali. Akafika akasema: mmoja wao ndiye bibi yangu, mie ni mtoto wa nyumba hii. Kasongo Rushie akamkubali, akamkabidhi utawala. Wanahistoria wengi hawaamini huo ujamaa hata kidogo, na ukimsoma mwenyewe anavyosimulia huoni haya yoyote, kama mtu anayekupa kisa cha biashara iliyomnyookea. Lakini tazama alichokitaka, mzee. Mfanyabiashara hahitaji nasaba. Anahitaji bei. Anayetafuta bibi katika ukoo wa kifalme anataka kukaa kitako.

Na akakaa. Anasikiliza kesi, anaweka watu wake mahala mahala, pembe inaletwa kwake kama kodi na si kama bidhaa. Kasongo ikawa mji, na mwanawe Sefu akawa na amri huko. Huyo Mfaransa François Renault, aliyeandika kitabu kizito kuliko vyote juu yake, cha 1987, kichwani kabisa kamwita mtawala mkubwa wa Kiarabu wa Afrika ya kati. Kiko kwa Kifaransa, mie nimekisoma kwa kusaidiwa na jirani aliyekaa Komoro, kurasa mbili kwa kikombe cha kahawa. Bado tuko nusu.

Lakini na wewe mzee una haki nusu yako. Ilikuwa dola ya mkopo. Bunduki ni za mkopo, baruti ya mkopo, nguo za merikani na kaniki za mkopo, na wakopeshaji wako hapa hapa Unguja, mkubwa wao Taria Topan, Mhindi aliyeshika forodha ya Seyyid. Akikawia kurudi riba inapanda, akirudi pembe zinapokelewa kabla hazijakauka jasho la wapagazi. Mpaka wa ile dola kule msituni ulisogezwa na kalamu za Forodhani.

Kwa hili someni Abdul Sheriff, mtu wa kwetu, Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar, 1987. Yeye ndiye aliyenifahamisha kwa nini watu walizidi kuingia ndani: bei ya pembe ilikuwa ikipanda miaka nenda miaka rudi, nguo za viwandani zinazokwenda bara hazipandi au zinashuka. Faida inakuvuta. Tembo wakimalizika hapa, unasogea mbele. Sio ushujaa, ni bei.

Mzee wa Darajani

Marahaba. Dola ya mkopo nimelipenda. Nalichukua.

Fundi Majahazi

Wakubwa, hili jina Tippu Tip maana yake nini hasa? Babu yangu alisema ni mlio wa bunduki.

Mtembezi wa Shangani

Ziko mbili: mlio wa bunduki, na kupepesa macho. Ya kwanza ndiyo anayoitoa mwenyewe. Ya pili ndiyo ninayoiamini mie nikiitazama picha yake.

Karani Mstaafu

Naongeza la deni, maana nimekaa nalo miezi.

Nilikuwa nikienda jumba la Nyaraka pale Kilimani kutafuta habari za shamba letu, nikaishia kusoma madeni ya watu wengine. Unaandika unachokitaka kwenye karatasi, unakaa, kalamu ya wino unaiacha mlangoni, penseli tu. Inaletwa hati, karatasi imekuwa rangi ya chai ya maziwa, pembeni mchwa keshapita. Mwandiko wa Kiarabu umeegemea upande mmoja kama mwandishi alikuwa na haraka ya kwenda kula. Fulani bin fulani anamuuzia fulani shamba lake la mikarafuu, kwa sharti la kulikomboa ndani ya muda kadhaa. Kwa sheria ni bei khiyari. Kwa kweli ni mkopo uliovaa kanzu ya mauzo, kwa kuwa riba haramu. Hela ile inakwenda wapi? Mara nyingi inavuka maji, inakwenda bara.

Yuko mtafiti mmoja, Thomas McDow, kitabu chake Buying Time, 2018, amezichambua hati za namna hii kwa wingi. Ukimaliza unaona mtu wa Manyema na mkarafuu wa Unguja wamefungwa kamba moja. Mie ndiyo kitabu kilichonifanya nielewe kwa nini marehemu baba alikuwa hapendi kuulizwa shamba lile lilitoka kwa nani.

Bi Mwalimu Wete

Karani, hiyo ya kanzu ya mauzo nitaiiba nikaitumie darasani. Nakuarifu mapema.

Chwaka Boy

Sasa ilikufaje hiyo dola? Au ndo Wabelgiji?

Mtembezi wa Shangani

Ilikufa mara mbili, mara ya kwanza kwa maneno.

Ndani ya Maisha pana kikao ambacho mie nimekisoma mara tano. Ni 1886, Tippu Tip yuko Unguja, anakwenda kwa Seyyid Barghash. Anatarajia amri, anatarajia bendera, anataka kuambiwa shika Manyema kwa jina letu. Seyyid anamtaka radhi. Anamwambia kuwa hao Wazungu wanaitaka Unguja yenyewe, vipi yeye ataweza kushikilia bara? Tippu Tip anaandika kuwa aliposikia hayo alijua basi yameisha. Hapo hakuna frasila, hakuna reale. Ni mahala pachache katika kitabu ambapo hesabu zimemkimbia.

Mtu kama huyo afanye nini? Akapanda meli, Februari 1887, pamoja na Stanley, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka mdomo wa mto Kongo. Akawa wali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Watu humu mtandaoni humtukana kwa hili. Mie naona alikuwa mdeni anayetafuta mdhamini mpya, wa zamani kajitoa.

Udhamini haukudumu. Stanley akaja kumshitaki hapa Unguja, anadai pauni 10,000 kuwa hakumpa wapagazi aliowaahidi. Kesi ikaachwa njiani, lakini ilimrudisha mzee pwani akajibu, na kule hakurudi tena. Na huyo Stanley tokea 1876 walikuwa na maneno! Mwaka ule Stanley kaandika mkataba wa dola 5,000 kwa kusindikizwa kambi 60, na Tippu Tip kitabuni analalamika hakutimiziwa aliyoahidiwa. Msomeni Stanley kwanza, Through the Dark Continent, 1878, halafu mrudi kwa Tippu Tip. Mtafikiri ni safari mbili tofauti.

Mara ya pili ilikufa kwa bunduki, 1892 hadi 1894. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wao, akahamia upande wa Wabelgiji. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo Aprili. Sefu akafa mwaka huo huo vitani. Rumaliza, mkubwa mwengine wa Waarabu wa kule, akakimbia. Baba mtu yuko Unguja, anaishi, anapokea habari.

Kwa vita hivyo kuna kitabu cha daktari Mwingereza aliyekuwa jeshi la Wabelgiji, Sidney Hinde, The Fall of the Congo Arabs, 1897. Kimejaa dharau, na habari zake za watu kula watu zichukueni kwa koleo refu. Lakini kurasa za kuingia Kasongo zisomeni. Wamezoea matope, wanakuta ghala za mpunga, bustani zenye michungwa na mikomamanga, askari wa kawaida wanalalia magodoro ya hariri. Mshindi ameshangaa kwa kile alichokuja kukivunja, na hakuweza kujizuia kukiandika. Nilipomsomea yule mgeni wangu wa Kasongo kwa simu, akanyamaza, halafu akasema: "Michungwa ingali."

Kombo wa Micheweni

Mie naomba niulize kitu. Vyote mlivyotaja ni Tippu Tip, Wazungu na wakopeshaji. Hao wenyeji na hao waungwana wa kawaida waliokwenda naye, hawakuandika kitu? Maana babu yetu mmoja alikwenda huko hakurudi, tulibakiwa na jina.

Karani Mstaafu

Waliandika, Kombo. Tatizo ni pahala yalipo.

Wabelgiji walipoteka miji ile walizoa na makaratasi. Barua za Kiarabu na Kiswahili, mtu anamwandikia mwenzake nitumie baruti, fulani kafa, Mzungu kafika mto fulani. Ziko Ubelgiji hadi leo. Karatasi za Stanley ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, na za Dhanis, kamanda wa vita vile, huko huko. Mbelgiji Xavier Luffin amezikusanya hati za Kiarabu na Kiswahili za 1880 hadi 1899 na kuzitoa kwenye kitabu, kwa Kifaransa, 2020. Kwa mtu anayemtafuta babu, hapo ndipo pa kuanzia, si kwa Stanley.

Na usiidharau Safari za Wasuaheli, alichokikusanya Carl Velten, 1901. Ni watu wa pwani, si wakubwa, wanasimulia safari zao wenyewe za bara. Kiswahili chake utakisikia kama wazee wako wanazungumza barazani.

Bi Mwalimu Wete

Kombo, na lugha nayo ni hati. Yule mgeni aliposema "nasikiaka" alikuwa anakusomea ukurasa. Kile Kiswahili cha Manyema, walichokiita Kingwana, wamekibeba watu wasio na jina katika daftari la mtu yeyote. Babu yenu huenda yumo mule ndani ya "-aka".

Kombo wa Micheweni

Mwalimu umenitoa machozi usiku huu, mie nipo dagoni nasubiri maji yatoke.

Fundi Majahazi

Sasa tufanye kitu. Jumamosi baada ya alasiri, barazani, tukisome hicho cha Whiteley kwa sauti, sura ya Samu. Mtembezi ulete kopi yako.

Mtembezi wa Shangani

Nitaleta. Ila nilikwambieni yule wa duka la kopi alinichanganyia. Yangu inaruka kurasa mbili pale pale Samu anapokimbia. Na kitabu chenyewe nilichoazima nimesharudisha kwa mwenyewe, hataki tena kukitoa, anasema cha kwanza alichoazima mtu mwaka 2009 hakijarudi mpaka leo.

Mzee wa Darajani

Huyo wa 2009 namjua. Tuachane naye.

Bi Mwalimu Wete

Kurasa hizo ninazo. Umeme ukirudi nitazipiga picha niwatumie. Na mie Jumamosi nitavuka na boti ya asubuhi, kwa hivyo msianze bila ya mie, na anayesoma asiziruke frasila.